Shajara ya mradi: Embakasi moja, kabla haijawa tano

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Nimeanza. Kazi yenyewe naiandika hapa kwa ufupi ili nisije nikapotea njiani: kukusanya historia ya chaguzi za eneobunge la zamani la Embakasi, mashariki mwa Nairobi, tangu vyama vingi viliporudi hadi lilipogawanywa kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Nataka jedwali moja na ramani mbili, kisha nakala kadhaa za karatasi za kuacha mahali ambapo vijana wa mitaa yetu husomea. Mfadhili sina. Nina kompyuta, daftari na Jumamosi zangu.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Kijana anayetimiza miaka 18 leo pale Innercore anajua kwamba yuko Embakasi Magharibi, basi. Ukimwambia kuwa Umoja, Kayole, Dandora, Pipeline, Utawala na Ruai zote zilikuwa chini ya mbunge mmoja, anadhani unatia chumvi. Hatia chumvi mtu. Ilikuwa hivyo, na wazazi wake walipiga kura hivyo.

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Leo nilitaka kuanza na majina ya wabunge, nikajikuta nimeanza na nyumba. Huwezi kuelewa kura za Embakasi kabla hujaelewa watu walitoka wapi.

Embakasi ilikuwa pembezoni mwa jiji. Mwaka 1958 ulifunguliwa uwanja wa ndege, uliojengwa kwa sehemu na jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Mwaka 1978 uwanja huo ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Ukiondoa uwanja, kambi na machimbo ya mawe, eneo kubwa lilikuwa nyasi na mashamba makavu. Halafu ikaja miaka ya 1970. Dandora ilianzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja takriban 6,000, kila mmoja ukiwa na choo na bafu, na mwenye kiwanja ajijengee vyumba vilivyobaki kidogo kidogo. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Marekani, kwa watu wenye mishahara ya kawaida. Kayole ikafuata, Komarock ikafuata, na huku Mukuru kwa Njenga ikijaa wafanyakazi wa viwanda vya upande wa Barabara ya Mombasa. Baadaye yakaja magorofa ya Pipeline na Tassia, yaliyosongamana hadi mwanga wa jua hauifikii ngazi ya chini.

Kwa hiyo kitongoji cha jana kiligeuka mji ndani ya mji. Kiti cha bunge kikabaki kilekile kimoja.

Wiki ya pili, Jumatano usiku

Nimeongea na mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa saa aliyestaafu. Nilimpa shikamoo, akacheka akaniambia Nairobi hiyo imepungua, lakini akaipokea. Nilikwenda kumuuliza kuhusu 1992 yeye akanirudisha nyuma, enzi ya chama kimoja, Embakasi ya mbunge Muhuri Muchiri. Siku hizo ugomvi wote ulikuwa ndani ya KANU, chama hicho kimoja, kwa hiyo watu hawakuuliza mtu ni wa chama gani. Waliuliza ni wa nani.

Mzee alichokikumbuka kwa undani zaidi ni mlolongo wa 1988. Wapiga kura wa mchujo wa KANU walijipanga mchana kweupe nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa kwa vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Nchi nzima yalisikika malalamiko kwamba mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi huku watu wakitazama. Mzee aliniambia, “Mwanangu, siku ile mwenye nyumba wako anakuona umesimama wapi. Na mwajiri wako pia.”

Nimeyaandika maneno hayo juu kabisa ya ukurasa wa 1992. Bila hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini sanduku la kura lilipokelewa kwa furaha namna ile.

Wiki ya pili, Jumapili

Mstari wa kwanza wa jedwali umeingia: 29 Desemba 1992, Henry Ruhiu, FORD-Asili.

Nimeuweka pamoja na Nairobi nzima ili usomeke vizuri. Jiji lilikuwa na viti 8. FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilichukua 6. FORD-Kenya ilipata Lang'ata, ambako Raila Odinga aliingia bungeni kwa mara ya kwanza, na KANU ikabaki na Westlands peke yake. Chama kilichotawala nchi kilikuwa kimefukuzwa na mji mkuu wake, na Embakasi ilikuwa ndani ya wimbi hilo. Hata hivyo Rais Moi alibaki Ikulu, kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa sababu upinzani uligawana zilizobaki.

Wiki ya tatu, Jumanne

1997 na 2002 zimeingia kwa usiku mmoja. David Mwenje mara zote mbili: mara ya kwanza kwa tiketi ya DP ya Mwai Kibaki, mara ya pili kwa NARC.

Ukizitazama juujuu, chaguzi hizi tatu zinaonyesha watu wanaobadilisha vyama kama nguo. FORD-Asili, DP, NARC. Mimi siioni hivyo. Mwaka 1997 FORD-Asili ilikuwa imesambaratika na Matiba hakugombea; DP ikachukua viti 5 kati ya 8 vya Nairobi. Mwaka 2002 DP yenyewe ilikuwa ndani ya muungano wa NARC. Mpiga kura wa Embakasi alikuwa amesimama palepale upinzani ulipokuwa na nguvu. Vyama ndivyo vilivyokuwa vikihama. Nimeweka safu ya ziada kwenye jedwali, “upande”, ili mtu aone kamba moja ikipita katikati ya majina yote matatu.

2002 naikumbuka mwenyewe. Mama alitoka alfajiri kwenda kupanga foleni katika uwanja wa shule ya msingi, akarudi saa nane mchana vumbi limempaka hadi magotini, akaketi, akasema hata wangemwambia arudi tena angerudi. Sijui kama nitaiweka kwenye nakala ya mwisho. Hapa naiweka.

Wiki ya tatu, Ijumaa

27 Desemba 2007: Melitus Mugabe Were, ODM, chama cha Raila Odinga.

Hapa kamba ile niliyoitaja Jumanne inakatika. Were alikuwa diwani kutoka Dandora, mtu wa miradi ya vijana, akashinda kiti ambacho wengi walikihesabu kuwa cha upande wa Kibaki. Jiji zima liligawanyika: ODM viti 5, PNU ya Rais Kibaki 3. Kuna mambo mawili nayaona. Kwanza, Embakasi ya 2007 haikuwa tena ya 1992. Wapangaji wa kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na kwingineko walikuwa wamejaza magorofa na vyumba vya mabati, na mgombea aliyetaka kushinda kwa kabila moja alikuwa anahesabu vibaya. Pili, nchi nzima vyama vilivyomuunga mkono Kibaki vilisimamisha wagombea wanaoshindana wao kwa wao, na ODM ikapita katikati.

Wiki ya nne, Jumatatu

Jana sikuandika. Nilikuwa kwenye mstari wa Januari 2008 na ulinishinda.

Bunge jipya liliapishwa 15 Januari 2008, siku ambayo Kenneth Marende alichaguliwa Spika kwa kura 105 dhidi ya 101. Kwa hesabu finyu namna hiyo kila mbunge alikuwa na uzito wa dhahabu. Wiki mbili baadaye, usiku wa kuamkia 29 Januari, Mugabe Were alipigwa risasi na kufa kwenye lango la nyumba yake Woodley. Nchi ilikuwa tayari inawaka kutokana na matokeo ya urais, na siku hiyohiyo Kofi Annan alikuwa anazindua rasmi mazungumzo ya upatanisho. Siku mbili baadaye, 31 Januari, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, pia wa ODM, akauawa kwa risasi Eldoret.

Jedwali langu lina safu inayoitwa “muda wa kuhudumu”. Kwa wengine nimeandika miaka. Kwa Were nimeandika siku 14, nikaizima kompyuta.

Wiki ya nne, Alhamisi

Nimerudi. Uchaguzi mdogo: 11 Juni 2008, Ferdinand Waititu, PNU. Mpinzani wake mkuu alikuwa Esther Passaris, aliyebeba bendera ya ODM. Siku hiyo kulikuwa na chaguzi ndogo tano: Embakasi, Ainamoi, Emuhaya iliyoachwa wazi na Marende alipokuwa Spika, na pia Kilgoris na Wajir Kaskazini. Siku moja kabla, 10 Juni, ndege ndogo ilianguka upande wa Narok, ikawaua Waziri wa Barabara Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso. Walikuwa safarini kwenda kusimamia mambo ya uchaguzi wa Ainamoi. Nusu mwaka, wabunge wanne wameondoka duniani. Ninapowaonyesha vijana mstari huu nitawaomba wausome polepole.

Jambo moja limenishika. Waititu aliingia bungeni mara ya kwanza baada ya mbunge kuuawa kwa risasi. Mwaka 2013 aligombea ugavana wa Nairobi akashindwa na Evans Kidero. Mwaka 2015 akarudi bungeni, safari hii kwa Kabete, katika uchaguzi mdogo uliofuata kuuawa kwa risasi kwa George Muchai. Silisemi kwa kumnyooshea kidole mtu yeyote. Ninaloliona ni jinsi risasi zilivyofungua viti viwili katika miaka saba, ndani ya eneo unaloweza kulivuka kwa matatu mbili.

Wiki ya tano, Jumamosi

Kosa kubwa, na ni langu mwenyewe.

Nilitaka kuonyesha jinsi kura zilivyohama kati ya 2007 na 2013. Nikachukua maeneobunge matano mapya, yaani Embakasi Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, nikajumlisha, nikaweka jumla kando ya Embakasi ya zamani. Nikafurahi. Nilichora hadi grafu.

Leo nikaanza kupaka rangi ramani, wadi kwa wadi, na rangi zikakataa. Ruai haimo katika tano hizo. Njiru haimo. Zote mbili zilikuwa Embakasi, sasa ziko Kasarani. Upande mwingine, Kariobangi Kaskazini, iliyokuwa Kasarani ya zamani, imeingia Embakasi Kaskazini pamoja na wadi nne za Dandora. Kumbe tano hizi zikijumlishwa hazirudishi ile moja. Jina limerithiwa, mipaka haikurithiwa yote.

Nimefuta grafu. Kazi ya wiki mbili. Sasa ulinganisho unafanywa kwa wadi tu, pale wadi zinapoelekeana: Kayole kwa Kayole, Umoja kwa Umoja, Dandora kwa Dandora. Penye mwanya naacha nafasi nyeupe. Na kila ramani itakuwa na maandishi makubwa chini yake yanayosema Ruai na Njiru zilitoka, Kariobangi Kaskazini ikaingia, maana nina hakika si mimi peke yangu nitakayetegwa hapa.

Wiki ya sita, Jumatano

Usiku wa tarakimu. Hapa ndipo mradi huu umenigeuza.

Sensa ya 2009 iliwakuta Embakasi watu 925,775. Nairobi yote ilikuwa na 3,138,369, kwa hiyo karibu watu watatu katika kila kumi wa jiji walikuwa chini ya mbunge mmoja, na wabunge saba waligawana waliobaki. Makadara, jirani yetu wa karibu, ilikuwa na 218,641. Kamukunji 261,855. Hata Kasarani, ambayo nayo ilikuwa imefurika, ilikuwa na 525,624.

Kisha nikatoka nje ya jiji. Lamu Mashariki: watu 18,841, mbunge mmoja. Gawanya. Embakasi ni mara 49.

Nikaendelea. Kaunti za Lamu, Isiolo, Tana River na Taita Taveta kwa pamoja zilikuwa na watu 769,565, na maeneobunge yake yalikuwa 11. Embakasi peke yake iliwazidi wote hao, kwa kiti kimoja. Sisemi wale wa Tana River wanyang'anywe. Mbunge wa Galole au wa Isiolo Kaskazini husafiri siku nzima kuwafikia watu ambao mbunge wa mjini angewafikia kwa miguu, na jangwa halina barabara ya lami. Lakini kati ya kuheshimu umbali na kumfanya mtu wa Kayole awe sehemu ya arobaini na tisa ya mtu mwingine, kuna nafasi kubwa sana.

Wala si suala la kura peke yake. Tangu 2003, sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneobunge. Robo tatu ya fedha hizo iligawanywa sawa kwa sawa kwa maeneobunge yote 210, na robo tu ndiyo iliyofuata kipimo cha umaskini. Sawa kwa kila eneobunge, si kwa kila mtu! Darasa, zahanati, basari ya mtoto wa sekondari: kote huko mgao wa Embakasi ulikuwa sufuria ileile ya watu 18,000, ikipakuliwa kwa watu laki tisa. Nilisoma katika darasa la watoto zaidi ya 80. Miaka yote niliamini ni uzembe wa mtu fulani. Leo nimeona kwamba sehemu yake ilikuwa hesabu ya kugawanya.

Wiki ya sita, Ijumaa

Nimewaonyesha wenzangu watatu ukurasa wa tarakimu. Mmoja wao, mwalimu wa hisabati, aliniuliza swali zuri: basi kwa nini katika mgawanyo mpya Nairobi ilipewa viti 17, si zaidi?

Tukakaa na kalamu. Katiba ya 2010 iliongeza viti kutoka 210 hadi 290. Watu wa sensa ni 38,610,097. Gawanya kwa 290 unapata 133,138. Hicho ndicho kiwango. Kifungu cha 89 kinaruhusu eneobunge la jiji kuzidi au kupungua kwa hadi asilimia 40. Juu kabisa, basi, ni watu 186,393. Gawanya watu wa Nairobi kwa hapo, unapata 16.84. Kwa hiyo 17 ndiyo idadi ndogo kuliko zote ambayo Katiba ingekubali. Kama kila mtu wa Nairobi angehesabiwa sawa na wastani wa nchi, jiji lingepata 23, hata 24.

Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema, “Kwa hiyo tulipewa kima cha chini.” Ndiyo. Sehemu ya sababu ni kwamba masharti ya mpito ya Katiba yalikataza eneobunge lolote lililokuwepo kupotea katika mapitio ya kwanza, ndiyo maana Lamu Mashariki ipo hadi leo ingawa iko mbali chini ya kiwango. Viti vipya 80 ilibidi vigawanywe nchi nzima. Tume ya Andrew Ligale ilipendekeza mipaka mwaka 2010, ikazua mabishano makali, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikakamilisha kazi mwaka 2012.

Hata hivyo kutoka mbunge mmoja hadi watano ni hatua kubwa, na ninaiandika kwa shukrani.

Wiki ya saba, Jumapili

Mkia wa jedwali: yaliyofuata mgawanyo. Nimeamua kuwa mfupi hapa, kwa kuwa mradi ni wa eneobunge la zamani.

Mwaka 2013 tano mpya ziligawanyika: TNA, chama cha Uhuru Kenyatta, ikapata Kaskazini (James Gakuya), Kati (John Ndirangu) na Magharibi (George Theuri), ODM ikapata Kusini (Irshad Sumra) na Mashariki (John Omondi). Yaani ule ushindani uliokuwa ndani ya Embakasi moja mwaka 2007 na 2008 ulichorewa mipaka. Watu waliokuwa wakishindania sanduku moja sasa walikuwa na masanduku yao.

Mabishano hayakuisha. Ushindi wa Julius Mawathe wa chama cha Wiper kule Kusini mwaka 2017 ulipingwa na Sumra hadi Mahakama ya Juu, iliyoufuta Desemba 2018. Katika uchaguzi mdogo wa 5 Aprili 2019 Mawathe akashinda tena. Kule Mashariki, ushindi wa Babu Owino wa 2017 ulifutwa na Mahakama Kuu, ukarudishwa na Mahakama ya Rufani.

Na mwaka 2022, Embakasi Magharibi, mtaa wangu, ikamchagua Mark Mwenje wa Jubilee. Ni mwana wa David Mwenje, yule wa 1997 na 2002. Nimechora mshale mwembamba kutoka mstari wa baba hadi mstari wa mwana. Baba aliwakilisha zote; mwana anawakilisha wadi nne: Umoja I, Umoja II, Mowlem na Kariobangi Kusini.

Wiki ya nane, Jumamosi

Ramani zimekamilika. Nilimpelekea yule fundi wa saa ramani ya Embakasi ya zamani. Aliishika karibu na macho, akafuata mpaka kwa kidole kutoka Kariobangi Kusini, akapita Dandora, akashuka Ruai, akazunguka uwanja wa ndege na kurudi Mukuru. Alichukua muda mrefu. Akauliza kama ile ndogo, ya maeneobunge matano, nitamwachia pia. Nikamwambia zote mbili ni zake.

Kilichobaki: kuongeza ukubwa wa herufi kwenye maelezo ya Ruai na Njiru, kusahihisha tahajia ya Mihang'o pale nilipoiandika bila ritifaa, na kuchapisha nakala 20. Mstari wa Were nimeuhakiki mara ya tatu. Tarehe ni sahihi.